Kompani ni ya Nani?

Hotuba kwa vijana wa Kamina juu ya wakubwa wa serikali wenye kuwa na biashara zao

 

Leo hatukuje kutukana mutu. Hatutataja jina la mukubwa hata mumoja wa Kamina. Tulikuja kujifunza swali moja, tulishike muzuri, kila mumoja arudie nalo mu kartiye yake. Swali lenyewe ni fupi, hata mutoto wa primere anaweza kulisema: kompani ni ya nani?

Barabara inatengenezwa: kompani ni ya nani? Serikali inapanga nyumba ya kufanyia biro: mwenye nyumba ni nani? Vyakula vinanunuliwa kwa ajili ya hospitali ao gereza: ni nani aliuzisha? Tukiuliza hivyo, watu wengine wanakasirika. Wanasema: munatafuta nini? Leo tutaeleza tunatafuta nini.

Mutoto mwenye kuwa pande mbili za meza

Tuanze na kitu chenye kila mutu hapa anajua. Mama anatuma mutoto wake ku soko akanunue mufuko wa mahindi. Anamupa franga. Mutoto anafika, anaanza kuomba bei: "Mama, punguza, iko bei sana." Muuzishaji anakataa, anavuta juu. Mutoto anaangalia mahindi, anaona yamekuliwa na wadudu, anasema: "Ile hapana, nipe ingine." Wanabishana mpaka wanapatana. Ule ubishi ndio unakinga franga ya mama.

Sasa fikiri kwamba mutoto mwenyewe ndiye mwenye meza ya mahindi. Anatoka nyumbani na franga ya mama, anafika ku meza yake, anajiuliza bei, anajijibu. Nani ataomba bei ipunguzwe? Hakuna. Mahindi yakiwa na wadudu, nani atayarudisha? Hakuna. Na kama mufuko haukujaa, nani atasema haukujaa?

Muone muzuri: hapo hatuongee bado juu ya wizi. Pengine ule mutoto ni mutoto muzuri, anapenda mama yake. Shida ni kwamba upande wa mama, kiti kiko wazi. Hakuna mutu mwenye ameketi pale kwa ajili ya mama.

Ku redio wanaita jambo hilo mugongano wa masilahi. Sisi tuseme wazi: mutu mumoja, pande mbili za meza. Mukono mumoja unatia sinyatire kwa jina la wanainchi, mukono mwingine unapokea franga kwa jina la kompani. Mama ni sisi. Franga ni ya sisi: ni takse ya mama wa soko, ni pesa ya peaje, ni sehemu ya madini ya inchi yetu.

Jambo hili linakuja kwa njia tatu, na inapashwa tuzijue zote.

Ya kwanza ni ile ya marshe, kazi zenye serikali inalipa: mukubwa anatoa kazi kwa kompani yake, ya muke wake, ao ya shemeji yake.

Ya pili ni ya sheria na takse, na hiyo haionekane haraka. Mukubwa mwenye anauzisha unga ndiye anaamua takse ya unga. Mwenye magari ya kubeba mizigo ndiye anaamua nani apewe ruhusa ya kupita. Hakuna franga yenye ilitoka ku kesi ya serikali, lakini wewe mununuzi unalipa.

Ya tatu ni ya kujua mbele ya wengine. Mutu ameketi mu mukutano wa serikali, anasikia barabara itapita pale, biro mupya itajengwa pale. Asubuhi anatuma mutu kununua malupango yote ya pale. Mama mwenye alimuuzishia lupango yake hakujua kitu. Mwaka unaofuata analia.

Sheria iko

Watu wengi wanafikiri kwamba Congo haina sheria juu ya mambo haya. Iko. Katiba yetu ya 18 Februari 2006 inaongea wazi kabisa.

Kipengele cha 97 kinasema kwamba mutu mwenye kuwa mu serikali hawezi kufanya kazi ingine ya faida. Kinaacha tu kilimo, kazi ya mikono, utamaduni, kufundisha na utafiti. Kuongoza kompani ya ujenzi hakuko pale. Kuuzisha mafuta ya gari hakuko pale.

Kipengele cha 98 kinasema kwamba muminista, wakati iko mu kazi, hawezi kununua wala kupanga mali ya serikali, yeye mwenyewe ao kupitia mutu mwingine. Tena hawezi kuingia mu marshe za serikali, kwa njia ya wazi ao ya kuzunguka. Munasikia? "Kupitia mutu mwingine." Wale walioandika Katiba walijua tabia yetu ya kukopesha majina. Walijua kwamba kompani itaandikwa kwa jina la ndugu.

Kipengele cha 99 kinaomba raisi na waminista waandike mali zao zote, siku wanaingia na siku wanatoka, wapeleke karatasi ku Korti ya Katiba. Mali zote: hisa za kompani, akonti za benki, nyumba, mashamba, migodi. Na mali ya jamaa pia: ya muke ao mume kulingana na ndoa yao, ya watoto wadogo, hata ya watoto wakubwa wenye wangali wanalishwa na wazazi. Muminista mwenye hakufanya hivyo mu siku 30 anahesabiwa kuwa ameacha kazi.

Vile vipengele vinaongea juu ya raisi na serikali ya Kinshasa. Lakini kuko tena kode ya mwenendo ya watumishi wa serikali, ya 3 Oktoba 2002. Na juu ya marshe kuko sheria namba 10/010 ya 27 Aprili 2010, yenye inataka kompani zishindane mbele ya wote, na kutoa kazi bila mashindano kuwe jambo la mara moja moja.

Basi hatuombe kitu cha kigeni. Tunaomba kile chenye tayari kimeandikwa.

Namna tulifika hapa

Ugonjwa huu ni wa zamani. Wazee wenye wako hapa wanakumbuka 30 Novemba 1973. Siku ile Mobutu alitangaza zaïrianisation: biashara na mashamba ya wageni yarudi mu mikono ya Wazaïrois. Wazo lilikuwa na utamu. Ni nani hakutaka inchi iwe ya wenyewe? Lakini nani alipewa? Wenye kupewa walikuwa wanaitwa acquéreurs, na wengi kati yao walikuwa wakubwa wa chama na wa serikali, ndugu zao na rafiki zao. Mobutu mwenyewe alichukua mashamba makubwa, yakawekwa mu kompani yenye jina CELZA.

Wenye kugawa ndio walikuwa wenye kupokea. Mutoto na meza yake ya mahindi! Mu maduka mengi waliuzisha vyenye vilikuwa ndani, wakakula franga, hawakununua vingine. Rafu zikabaki wazi. Kisha miaka miwili tu, serikali yenyewe ilianza kurudia nyuma, na mu 1976 wageni waliitwa warudie mali zao. Biashara nyingi zilikuwa zimekwisha kufa.

Halafu tuje karibu zaidi, Katanga yetu. Kamina ni muji wa treni. Shaba ya Gécamines ilikuwa inapita hapa kwenda Ilebo na kisha bahari. Gécamines ikikohoa, sheminoti wa Kamina analala njaa. Mu mwaka wa 1986 Gécamines ilitoa tani zaidi ya 470,000 za shaba. Kisha miaka kumi hivi, ilikuwa inatoa karibu tani 30,000. Ilikuwa mugonjwa sana mbele ya vita. Na mugonjwa wa namna ile anahitaji munganga mwenye hana duka la kuuzisha majeneza.

Mu Novemba 1998, Laurent-Désiré Kabila aliweka ku kichwa ya Gécamines mufanyabiashara wa Zimbabwe, Billy Rautenbach. Wakati uleule kompani yake, Ridgepointe, ilikuwa na mapatano na Gécamines juu ya migodi ya upande wa Likasi. Upande huu wa meza: Gécamines, mali ya inchi. Upande ule: Ridgepointe, mali yake. Mu Machi 2000 alitolewa.

Toka Novemba 1999 mpaka Agosti 2001, raisi wa baraza ya uongozi ya Gécamines alikuwa George Forrest, mwenye kikundi cha kompani chenye kila mutu wa Katanga anajua, chenye kilianza mu 1922. Kompani zake zilikuwa zinafanya kazi na Gécamines. Mu STL, kompani yenye inachota ule mulima mweusi wa Lubumbashi wenye cobalt, kikundi chake kilikuwa na sehemu 25 kwa 100, kompani ya kigeni OMG 55, Gécamines 20. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliandika juu yake mu ripoti ya Oktoba 2002. Yeye alikataa mashitaki yao, na sisi hatuko korti ya kumuhukumu. Swali letu ni lile la meza. Wakati Gécamines na kompani zake walipashwa kupatana bei, ni nani alikuwa ameketi kwa ajili ya Gécamines tu?

Ripoti ile ya 2002 ilisema kwamba mu miaka mitatu mali ya madini ya inchi yenye bei ya angalau miliare 5 za dola ilitoka mu mikono ya serikali, ikaenda mu kompani za watu binafsi, na kesi ya serikali haikupata kitu. Iliongea juu ya kikundi cha wanasiasa, wanajeshi na wafanyabiashara, Wacongo na Wazimbabwe. Kisha, Bunge letu liliweka komisyo ya depite Christophe Lutundula kuangalia mikataba ya wakati wa vita, nayo ikatoa ripoti mu 2005. Tena zilibaki karatasi nyingi kuliko hatua.

Kisha ikafika zamu ya Joseph Kabila. Mu 2017 kikundi cha watafiti chenye jina Congo Research Group kilihesabu kompani zaidi ya 80 zenye jamaa ya raisi ilikuwa na sehemu ndani, na mashamba ya hektari zaidi ya 71,000. Mu Novemba 2021 waandishi wa habari wa inchi nyingi na mashirika walitoa uchunguzi wenye wanaita Congo Hold-up, wenye ulitoka ku karatasi za benki zaidi ya milioni tatu. Benki yenyewe ni BGFI ya Kinshasa. Dada ya raisi alikuwa na sehemu 40 kwa 100. Mukubwa wa benki alikuwa ndugu mwenye alilelewa mu jamaa hiyo. Na ndani ya benki ile kulikuwa kunapita feza za serikali. Shirika The Sentry lilihesabu kwamba angalau dola milioni 138 za serikali zilienda kwa jamaa na watu wa karibu wa raisi. Upande wa raisi wa zamani walikataa.

Muone namna meza inaongezeka. Mobutu: mashamba na maduka. Wakati wa vita: migodi. Kisha: benki yenyewe yenye inabeba franga. Majina yanabadilika, viongozi wanabadilika, kiti cha mama kinabaki wazi.

Tena tukumbuke mutu wenye alifungua mulango wa kwanza wa habari ile ya benki, mu 2016: kijana mufanyakazi wa BGFI, Jean-Jacques Lumumba. Aliona karatasi, akauliza, kisha ilibidi akimbie inchi. Kuuliza "kompani ni ya nani" kuna bei. Hatutawadanganya juu ya jambo hilo.

Wajirani walijaribu nini

Wengine wanasema: ni Afrika, kila mahali iko vile. Hapana. Tanzania, ng'ambo ya ziwa, mu 1967 Azimio la Arusha liliweka sheria kali ya viongozi: kiongozi asiwe na hisa mu kompani yoyote, asiwe mukubwa wa kompani ya mutu binafsi, asipokee mishahara miwili, asiwe na nyumba za kupangisha. Ilikuwa kali sana, na mu 1991, ku Zanzibar, chama chenyewe kiliilegeza. Mu 1995 wakatunga sheria ingine ya maadili ya viongozi.

Kenya walichukua njia ingine. Mu 1971 komisyo ya Ndegwa iliruhusu watumishi wa serikali kufanya biashara zao. Walifikiri mutu mwenye biashara atatulia. Mulango ukafunguka, na mupaka leo Wakenya wanapigana kuufunga: waliandika sura nzima juu ya uongozi mu Katiba yao ya 2010, na mu 2025 wakatunga sheria ya mugongano wa masilahi peke yake.

Tunajifunza nini? Kufungua mulango ni kazi ya siku moja. Kuufunga ni kazi ya miaka makumi tano.

Maneno yenye tunasikia mu Kamina

Sasa tuongee sisi kwa sisi, bila kuficha. Tukiuliza swali hili mu muji, tunasikia majibu.

La kwanza: "Muache akule, ni wakati yake." Ndugu, wakati ule ni wa kazi. Mandat ni miaka tano ya kuketi ku upande wa mama. Kama mutu anataka kuketi ku upande wa kuuzisha, aende, hakuna mutu atamukataza, soko iko wazi. Lakini achague.

La pili: "Ni mutoto wetu. Akikula ye, na shiye tutakula." Hili linauma kwa sababu sisi wote tulilisema siku moja. Jibu lake liko mbele ya macho. Jimbo la Haut-Lomami liliundwa mu 2015. Kamina ikakuwa makao makuu. Uongozi ukakaribia, watoto wetu wakapata viti. Basi tuhesabu: tulikula nini? Mutoto wa kabila yako mwenye anauzisha kwa serikali kwa bei mara mbili, anauzisha kwako. Barabara mubaya haiulize wewe ni wa kabila gani mbele ya kuvunja pikipiki yako.

La tatu: "Mutu tajiri hawezi kuiba, iko na vyake." Sisi hatuchukie matajiri. Tunataka watu wa Kamina wenye makompani makubwa, wenye wanatoa kazi. Lakini ukiwa na kompani na serikali iko mu mukono wako, hauhitaji hata kuiba. Unahitaji tu kukosa kuomba bei.

La ine ndilo la maana zaidi, na inapashwa tulijibu kwa heshima: "Na mwalimu mwenye anauzisha mikate? Na infirmiere mwenye anauzisha mayai? Na sheminoti mwenye analima? Wale pia ni watu wa serikali. Munataka wafe?"

Hapana. Kila nyumba ya Kamina inajua maana ya kungojea mushahara wenye haukuje. Mwalimu mwenye anauzisha mikate ku barabara haketi pande mbili za meza. Hatie sinyatire ya kununua mikate yake kwa jina la serikali. Lakini siku mukubwa wa masomo atalazimisha wanafunzi wote wanunue uniforme mu duka la muke wake, hapo tayari ni jambo letu, hata kama ni duka dogo. Kipimo chetu hakiko ukubwa wa biashara. Tunauliza: je, ile kazi ya serikali inasaidia biashara yake? Kama haiisaidie, tumuache alishe watoto wake.

Matundu ya sheria

Tulisema sheria iko. Iko, lakini ina matundu, na panya wanayajua kuliko sisi.

Tundu la kwanza: karatasi za mali. Katiba inasema Korti ya Katiba inapokea karatasi, kisha inaipeleka ku watu wa takse. Mwisho. Hakuna mahali kipengele kile kinasema wanainchi waisome. Muminista anaweza kuandika leo kwamba ana nyumba mbili, kesho tunaona sita, na sisi hatuwezi kulinganisha. Mali inaandikwa kwa ajili yetu, lakini inafichwa na sisi.

Tundu la pili: madini. Kode ya madini ya 2002, kipengele cha 27, ilikataza watumishi wa serikali, wahakimu, wanajeshi na polisi wasipewe haki za madini. Muzuri. Lakini kipengele kilekile kiliongeza kwamba katazo lile haliguse sehemu zenye wananunua mu kompani za madini. Ni sawa na kusema: usiingie kwa mulango, dirisha iko pale.

Tundu la tatu linatuhusu sisi kabisa. Tuliona kwamba Katiba inaacha kilimo. Sababu inaeleweka, kila mutu ana shamba. Lakini Haut-Lomami inaishi na nini? Mahindi ya Kaniama, samaki ya Bukama na Malemba-Nkulu, mifugo, mihogo. Hapa kwetu kilimo ndicho biashara kubwa. Basi fikiri, kwa mufano tu: mukubwa ana shamba ya hektari elfu moja, sheria inamuruhusu. Matrekta ya serikali yanakuja. Mbegu zinakuja. Barabara ya kutoa mavuno inapashwa kutengenezwa, na iko moja tu kati ya kumi. Itapita wapi? Itapita karibu na mama wa Kabongo mwenye anabeba mahindi ku kichwa, ao itapita karibu na ile shamba? Sheria imenyamaza. Ni sisi tunapashwa kuuliza.

Tutafanya nini

Hatuwezi kumaliza kwa kulia. Tutafanya mambo tano.

Moja: tuangalie bango. Mahali kazi ya serikali inafanywa, inapashwa kuwe bango lenye jina la kompani, bei, siku za kazi, na mwenye analipa. Pita, andika, piga foto. Kama bango haliko, hiyo yenyewe ni habari: tuulize kwa nini haliko.

Mbili: tutafute mwenye kompani. Toka Septemba 2012 inchi yetu iko ndani ya OHADA, na kila kompani inapashwa kuandikwa mu kitabu cha biashara chenye wanaita RCCM. Kompani ina namba pale, ina waongozaji, ina adresi, ina siku ilizaliwa. Kompani yenye ilizaliwa mwezi mumoja mbele ya kupewa kazi kubwa inatuambia kitu. Kompani yenye adresi yake ni lupango bila nyumba inatuambia kitu.

Tatu: tuandike. Kipengele cha 27 cha Katiba kinapea kila Mucongo haki ya kuandikia mukubwa pétition, peke yake ao na wengine. Mukubwa anapashwa kujibu mu miezi tatu, na hakuna mutu anaweza kushitakiwa kwa sababu aliandika. Tutaandika kwa gavana, kwa bunge la jimbo, kwa meya. Barua ya heshima, maswali matatu: je, kuko mutu wa uongozi, ao muke, mume, mutoto wake, mwenye ana sehemu mu kompani zenye zinalipwa na jimbo? Ni zipi? Tunaweza kuona karatasi za mali yenu, hata kama sheria haiwalazimishe kuzionyesha kwetu? Kiongozi wa kwanza mwenye ataonyesha yake kwa mapenzi yake, tutamushangilia mu muji muzima, awe wa chama gani.

Ine: tujilinde sisi wenyewe. Usiandike ku WhatsApp jina la mutu bila karatasi mu mukono. "Nilisikia" haiko ushuhuda. Usitukane. Usiguse kabila ya mutu. Mashitaki moja ya uongo itaua maswali yetu mia moja ya kweli, na itapeleka mwenzako ku gereza bure. Na usipokee tisheti, bia ao transport ya mukubwa mwenye unataka kumuuliza. Na wewe pia una pande mbili za meza.

Tano: tujitayarishe. Kati yenu mu mukutano huu kuko depite, kuko minista wa jimbo, kuko meya wa kesho. Wengine munasoma ku UNIKAM, wengine mumeanza vibiashara vyenu, na ni jambo la kusifiwa. Siku utaitwa mu serikali na uko na kompani, fanya mambo matatu. Sema wazi mbele ya wote kwamba kompani ni yako. Acha kuiongoza, na isiombe hata kazi moja ya serikali wakati uko mu kiti. Na siku mu mukutano wanaongea juu ya jambo lenye linagusa biashara yako ao ya jamaa yako, simama, toka mu chumba, iandikwe mu karatasi kwamba ulitoka. Hakuna aibu ndani yake. Watu watasema: ule ni mutu.

Ndugu na dada, hatuombe malaika waongoze Kamina. Mulango wa polisi haujengwe kwa sababu wote ni wezi. Tunaomba tu kwamba siku bei ya barabara yetu, ya maji yetu, ya madawa yetu inaongewa, kuwe mutu upande wetu wa meza mwenye hana kitu cha kupata upande wa pili. Mutu wa kusema: "Punguza, iko bei sana." Mutu wa kusema: "Ile hapana, ina wadudu."

Mupaka siku ile, kazi ya kuomba bei inabaki kwetu. Kesho asubuhi, ukipita ku kazi yoyote ya serikali mu muji huu, simama dakika moja, soma bango, kisha umuulize mwenye kuwa pale, kwa heshima, na sauti ya kawaida: kompani ni ya nani?